Mtani Wangu wa Mchombe

Siku ya kwanza tulipozungumza alinidai ndoo. Tulikuwa kidato cha kwanza, wiki ya mwanzo, bado tunaoneana aibu, na tulikuwa tumepangwa zamu ya kumwagilia bustani ya shule. Nilikuwa nimeshajaza ndoo yangu bombani alipokuja msichana mrefu, mwembamba, mwenye mwanya, akasimama mbele yangu kama mgambo wa sokoni.

"Wewe kabila gani?"

"Mpogoro."

"Ahaa. Basi lete hiyo ndoo. Babu yangu ni Mngoni. Alipopita huku na mkuki wake aliwaacha babu zenu hai kwa sababu moja tu, waje wazae mtu wa kunichotea maji."

Wenzetu walisubiri nikasirike. Lakini mimi nilikulia kwenye nyumba inayojua utani wa Wapogoro na Wangoni. Nikamjibu kwamba babu yake hakumwacha mtu hai, alikimbia, na alivyokimbia alisahau mkuki, na mpaka leo bibi yangu anachochea nao moto. Alicheka hadi akakaa chini, hapo hapo kwenye tope la bombani, sketi yake mpya ya shule ikaloa. Kisha akainuka, akabeba ndoo yangu na kwenda kumwagilia mchicha wa upande wake.

Tangu siku hiyo hakuniita tena kwa jina langu. Aliniita Mpogoro, nami nikamwita Mngoni, na hata sasa, wote tukiwa na watoto wakubwa, kwenye simu yangu nimemwandika hivyo.

Kwao ni Mchombe, kwenye mashamba ya mpunga, barabara ya kwenda Mlimba. Babu yake mzaa baba ndiye aliyetoka Songea akafuata ardhi ya bonde, akaoa huko, akabaki. Kwa sababu Mchombe ni mbali na shule yetu, alikuwa akiishi Viwanja Sitini, pale Ifakara, kwa shangazi yake, mama mmoja mpole aliyekaanga samaki na kuwauza barazani. Sisi tuliishi Katindiuka. Baada ya masomo tulitembea pamoja hadi kwa shangazi, nikapewa kipande cha perege, ndipo nikaendelea na safari ya nyumbani.

Watu wengi wanaochekesha wanachekesha kwa kumuumiza mtu. Yeye hakuwa hivyo. Alimwigiza kila mwalimu, kila mpishi, hata padri aliyekuja kutufundisha dini siku za Jumatano, lakini aliwaigiza kama mtu anayewapenda. Mpishi wetu wa shule alikuwa na mtindo wa kupima maharage: anachota upawa umejaa, anautazama, anajuta, anarudisha nusu. Rafiki yangu aliigiza ile hali ya kujuta usoni mwa mpishi hadi mpishi mwenyewe akamwona, akacheka, na kuanzia hapo hakuwa akirudisha nusu kwenye sahani yake. Alipokuta mdudu kwenye maharage hakulalamika. Aliinamisha kichwa na kusema taratibu, "Shikamoo," halafu akamweka pembeni kwa heshima zote.

Kuna siku moja ya masika ambayo darasa letu zima huikumbuka tukikutana. Shule yetu haikuwa na dari, na mvua ya Ifakara ikipiga bati hakuna anayemsikia mwenzake. Tulikuwa kwenye kipindi cha jiografia, somo likiwa mito. Mwalimu alijaribu kupaza sauti, akashindwa, akaweka chaki mezani na kutuonyesha kwa mkono kwamba anakwenda ofisini mvua ipungue. Alipotoka tu, Mngoni akaenda mbele. Akavuta suruali ambayo hakuwa nayo juu ya tumbo ambalo hakuwa nalo, jinsi mwalimu alivyozoea kufanya, akaanza kufundisha bila sauti.

Alikuwa mto. Alianza juu milimani kwa mbio, anaruka mawe, akafika bondeni akachoka, akaanza kuzunguka madawati, anapinda huku, anapinda kule, anakula kingo upande mmoja kwa kung'ata daftari la mtu, anatema mchanga upande wa pili. Tulicheka hadi machozi, na kwa ile mvua hakuna aliyesikia kicheko cha mwenzake, tunaona tu midomo iliyo wazi na mabega yanayotikisika. Hatukujua mwalimu alikuwa amerudi kuchukua mwavuli wake. Alisimama mlangoni, nusu ya shati imelowa, anatazama.

Mvua ilipopungua kidogo akasema, "Endelea. Ulikuwa umefika wapi?"

Nilidhani rafiki yangu angekimbilia kwenye kiti. Alibaki pale pale, mikono nyuma.

"Nilikuwa nimefika kwenye kupinda, mwalimu. Mto ukizeeka unapinda."

"Na kwa nini unapinda?"

"Kwa sababu hauna haraka tena, mwalimu. Bonde limelala, maji hayana nguvu ya kunyoosha."

Mwalimu alimtazama, akavuta suruali yake juu ya tumbo, akashtuka kwamba ameivuta, na darasa likalipuka upya. Naye akacheka. Hakumwadhibu. Alimwambia tu aende kukaa, akaendelea na somo pale Mngoni alipofikia.

Sasa niseme kuhusu baba yangu, kwa sababu huwezi kumweleza rafiki yangu bila kumweleza baba.

Baba alikuwa mkulima, na alikuwa mkali. Hakuwa mtu wa kupiga, ila ukimya wake ulikuwa na uzito. Alikuwa na kikohozi kifupi kabla ya kusema jambo, halafu neno moja, "Tusikilizane," na baada ya hapo hata kuku walitulia. Alikuwa na baiskeli nyeusi ambayo aliilaza ndani chumbani kwake, na ingawa ilikuwa ndani, na mlango umefungwa, aliitia kufuli. Hakuna mtoto wake aliyewahi kuipanda. Kaka yangu mkubwa aliomba mara moja akaambiwa, "Ile ni mzee mwenzangu," na mazungumzo yakaishia hapo.

Jumamosi moja Mngoni alikuja kwetu kwa mara ya kwanza. Alipiga goti mbele ya baba, akamwamkia vizuri, macho chini.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Binti wa nani wewe?"

Akajitambulisha, akamtaja baba yake, akamtaja babu yake. Alipotaja Ungoni niliona baba anainua nyusi. Basi yule msichana akasimama, akafuta magoti na kusema, "Sasa baba, salamu imekwisha, tuingie kwenye kazi. Nimesikia mnayo baiskeli yetu."

Mama yangu aliyekuwa akipepeta mchele alisimamisha ungo hewani.

"Baiskeli yenu?" baba akauliza.

"Ndiyo. Mtumwa anamiliki kitu? Naomba ufunguo, mimi na huyu Mpogoro tuna safari."

Baba alikohoa. Tukangoja "Tusikilizane." Badala yake aliingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akautazama kama asiyeamini kwamba mkono ule ni wake, akampa. Mtani hanyimwi, na baba alikuwa mtu wa mila.

Tulitoka nayo. Yeye akiendesha, mimi nimekaa nyuma kwenye keria, na kwa kuwa baiskeli ilikuwa ndefu na yeye hakuwa amewahi kuendesha ya namna ile, tulikwenda vizuri hadi ukingo wa shamba la jirani, kisha tukaacha njia. Niliona mpunga unakuja usoni. Tulizama kwenye tope, baiskeli juu yetu, na kitu cha kwanza nilichosikia nilipotoa maji masikioni ni sauti yake ikisema, "Mpogoro, umeiona? Inajua kuogelea."

Nilirudi nyumbani nikimfuata nyuma. Yeye alitembea mbele akisukuma baiskeli, ametapakaa tope hadi kwenye nywele, na alipofika uani akasema, "Baba, tumeirudisha. Ilitaka kuona shamba."

Baba alizunguka baiskeli mara moja. Akazunguka tena upande wa pili.

"Mtani amechukua," akasema. "Mtani ataosha."

Akaleta kiti chake akakiweka kivulini, akakaa, akamsimamia. Mngoni aliosha spoku moja moja, akapaka mafuta kwenye mnyororo, akasugua kengele kwa majivu. Alipodhani amemaliza, baba alinyoosha kidole kuonyesha chini ya tandiko. Muda wote huo yeye alikuwa akiongea: kwamba Wangoni wamekuwa watumwa leo, kwamba babu yake huko aliko anageuka, kwamba baiskeli yenyewe inaonekana ina umri mkubwa kuliko baba. Niliona mdomo wa baba unacheza pembeni. Hakucheka. Lakini jioni, mgeni alipoondoka, alikaa kwenye mkeka wa chakula na ghafla, bila mtu kusema lolote, mabega yake yakaanza kutikisika.

"Eti inajua kuogelea," akasema.

Kuanzia hapo, ikipita Jumamosi bila yeye kuja, baba angekohoa na kuuliza, kama mtu anayeulizia hali ya hewa, "Yule Mngoni wenu haji?"

Kidato cha nne mama yake aliugua. Aliitwa Mchombe kumuuguza, na kwa kuwa ndiye binti mkubwa, alikaa huko karibu muhula mzima. Alirudi kufanya mtihani akiwa amekonda, madaftari yake yana kurasa nyingi tupu nilizojaribu kumjazia. Matokeo yalipotoka, mimi nilichaguliwa kuendelea na baadaye nikaenda kusomea uuguzi Morogoro. Yeye hakuchaguliwa.

Nilimfuata Mchombe kabla sijaondoka. Nilimkuta juu ya dungu, kile kibanda cha miti cha kukaa juu na kufukuza ndege, maana ilikuwa msimu wa kwelea kwelea. Nilipanda ngazi nikakaa karibu naye. Mpunga ulikuwa umeanza kugeuka rangi, na milima ya Udzungwa ilionekana vizuri siku ile.

"Umelia?" nikamuuliza.

"Nimelia mpaka ndege wamenizoea," akasema. "Sasa nikipiga kelele hawaruki. Wanadhani naendelea kulia tu."

Nilicheka huku moyo unauma. Akavuta kamba iliyofungwa makopo, makopo yakalia shambani kote, na ndege wakainuka kama vumbi.

"Mama amepona," akasema. "Anakula, anagombana na majirani. Mimi nilikuwa nataka vyote, mama na shule. Nimepata kimoja. Wewe nenda. Usiende kule ukakaa na watu wasiojua kucheka, utazeeka."

Hakuongeza neno juu ya jambo hilo, siku ile wala baadaye. Aliolewa na mkulima wa kijiji cha jirani, mwanaume mkimya ambaye kazi yake kubwa kwenye ndoa, kwa maelezo ya mkewe, ni kutikisa kichwa. Wakalima mpunga, wakajenga, wakapata watoto. Nilipokuja likizo tulionana. Miaka mingine hatukuonana kabisa. Niliposikia habari zake kwa watu, zilikuwa habari za aina moja: harusi fulani ilipoa hadi alipochukua kipaza sauti, mkutano wa kijiji ulitaka kuvunjika akasema jambo watu wakacheka, wakakaa.

Baba yangu alifariki akiwa mzee, kwa ugonjwa mfupi. Nilipanda basi Morogoro asubuhi na mchana nilikuwa Katindiuka. Uwanja ulikuwa umejaa watu, wanaume kwenye viti na mabenchi, wanawake kwenye mikeka. Mama alikuwa ndani, amekaa chini, mgongo ukutani. Alikuwa hajalia. Dada zangu waliniambia tangu jana hajatia kitu mdomoni, hata maji anashikilia tu kikombe. Nilimshika mikono, mimi ambaye nimekaa na wafiwa wengi hospitalini, nikamwambia maneno yote ninayoyajua. Alinitazama kama mtu anayemsikiliza mgeni anayeuliza njia.

Nikiwa bado nimekaa naye nikasikia kengele ya baiskeli.

Mama aliisikia pia. Aligeuza kichwa.

Nikachungulia mlangoni. Mngoni aliingia uani juu ya baiskeli ya baba, akiendesha polepole, mgongo wima, amevaa koti la kijivu la baba na kofia yake imeinama upande kama baba alivyozoea kuivaa. Wakati ule sikujua alivipataje. Baadaye niligundua kaka yangu ndiye aliyempa ufunguo. Alishuka, akaegesha, akatoa kufuli mfukoni, akaifunga baiskeli pale pale katikati ya watu. Akaijaribu kufuli. Akaondoka hatua chache, akarudi, akaijaribu tena.

Mzee mmoja alicheka kidogo, akafunika mdomo.

Mngoni akakohoa kikohozi kile kifupi.

"Tusikilizane," akasema. "Naona watu wengi. Nani kawaita? Mpunga wangu unaisha."

Hapo uwanja ukaanza kucheka, maana mtani ana ruhusa ya kumwigiza marehemu hata msibani. Akapita katikati ya viti, mikono nyuma, akiwakagua waombolezaji mmoja mmoja. Jirani mmoja aliambiwa arudishe jembe. Mjomba wangu aliambiwa kwamba kiti alichokalia si cha watu wa umri wake, akainuka kweli, wenzake wakamshangilia. Kisha Mngoni akaja mlangoni, akavua viatu, akaingia, akasimama mbele ya mama.

"Mama watoto," akasema kwa sauti ya baba. "Nimerudi kutoka shambani. Chai yangu iko wapi?"

Nilitaka kumzuia. Niliogopa.

Mama alimtazama kutoka kwenye kofia hadi miguuni. Halafu akasema, sauti imekauka, "Sukari hamna. Uliimaliza mwenyewe."

"Mimi?"

"Vijiko vinne kwenye kikombe kimoja. Kila siku nakwambia."

"Basi nitakunywa hivyo hivyo. Lakini sinywi peke yangu."

Mama akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi kama kikohozi, halafu kikaja kingine, halafu kikageuka kuwa kilio, kilio kikubwa ambacho dada zangu walikuwa wamekisubiri tangu jana. Rafiki yangu alivua kofia, akapiga magoti, akamkumbatia, na sasa alikuwa analia kwa sauti yake mwenyewe. Walilia pamoja hivyo. Uji ulipoletwa, mama alikunywa bakuli lote, kwa sababu kila alipotaka kuacha, mtani alikohoa.

Tulimzika baba siku iliyofuata. Watu walipopungua, nilikaa na Mngoni nyuma ya nyumba tukiosha masufuria. Koti la baba alikuwa amelikunja vizuri na kuliweka juu ya kigoda.

"Niliogopa," akaniambia. "Nilipofika mlangoni pale nilitaka kugeuka. Nikasema, nikikosea leo, nimemuua na mama."

"Kwa nini hukugeuka?"

Alisugua sufuria kwa mchanga.

"Baba yako alinipa ufunguo. Watu wengine walinichekea tu, Mpogoro. Yule mzee alinipa ufunguo, halafu akanikalisha chini nioshe. Mtu akikufanyia yote mawili, huyo ni baba."

Nilimmwagia maji mikononi akanawa.

Mwaka huu, wakati wa mavuno, nilimpeleka mama Mchombe kumtembelea. Mama alitaka mwenyewe. Siku hizi anatembea kwa fimbo, lakini kinywa chake kiko salama, na tangu tuliposhuka kwenye gari yeye na Mngoni walikuwa wanatukanana kwa raha zao, nani anadaiwa na nani tangu enzi za mababu. Mume wa rafiki yangu alitukaribisha kwa kutikisa kichwa. Binti yao wa mwisho alitoka ndani, akatuamkia kwa adabu, akarudi kwenye vitabu vyake. Ni mtoto mtulivu, anapenda hesabu, na haoni jambo la kuchekesha katika chochote anachofanya mama yake.

"Huyu sijui nimemwokota wapi," Mngoni akasema. "Namwigizia mkuu wake wa shule, ananiambia, mama, umekosea, mkuu wetu anatumia mkono wa kushoto."

Alikuwa amebandika wali wa mchele mpya, ule ambao ukichemka majirani wote wanajua, na kambale wa nazi pembeni. Kabla haujaiva ikaja bodaboda. Kijana aliyeiendesha alisema harusini kule mtaa wa pili mshereheshaji waliyemlipa amepotea, bibi harusi amenuna, ndugu wa pande mbili wanatazamana tu, mama njoo.

Alinitazama. Nikamwambia aende.

"Mtunze chungu," akasema, tayari amevaa kanga mpya na kupanda nyuma ya pikipiki. "Wali ukiungua nawadai chungu."

Uliungua kidogo chini, kwa sababu mama alianza kunisimulia jambo la ujana wake ambalo sikuwahi kulisikia, nikasahau moto. Tukapakua wali, tukamwekea Mngoni wake, na mama akaomba ukoko. Alikaa kwenye mkeka akiutafuna taratibu kwa meno yaliyobaki. Kutoka mtaa wa pili upepo ulituletea sauti ya kipaza sauti, maneno hayasikiki vizuri, halafu kelele za watu wengi wakicheka.

"Wamekwisha hao," mama akasema, akanyoosha mkono kuchukua kipande kingine.